Kaputula Namba Saba na Mihogo ya Kwetu

Mkinisikia nakohoa mlangoni kwa mtu kabla sijapiga hodi, msinichemshie majani, kifua changu ni kizima kabisa. Kikohozi hiki hakina ugonjwa, kina aibu, na aibu yenyewe niliipata Kasongo mbele ya Wazungu wawili, watu wa mtaa mzima na mbuzi wa Mzee Ramazani, na yote kwa sababu ya bugali, ugali wa kwetu wa mihogo. Haya, chekeni sasa kabisa ili nikianza muwe mmenyamaza.

Ilikuwa wakati wa Wabelgiji, nami nilikuwa kijana nimetoka kwetu Wamaza kwa miguu, sanduku la mbao kichwani, na karatasi ya padri mfukoni iliyosema najua kusoma, kuandika na kuongea Kifaransa kidogo (hicho kidogo ndicho kitakachoniua, ngojeni). Nikapewa kazi ya gadi wa usafi. Kazi yenyewe ilikuwa kuzunguka nyumba kwa nyumba na kofia kichwani, kuangalia kama choo kina kifuniko, kama majani yamekatwa, kama kuna maji yaliyolala yenye viluwiluwi vya mbu. Na zaidi ya yote, kumwaga mihogo. Leta, yaani serikali, ilikuwa imekataza watu wa mjini kuloweka mihogo mtoni na nyumbani, ati inaharibu maji na inanuka. Ukikuta chungu chenye mihogo imelowekwa, unakimwaga, mara ya pili unampeleka mwenyewe kwa Bwana.

Bwana huyo, mkubwa wetu wa usafi, watu walimwita Bwana Chokaa, maana alitaka kila kitu kipakwe chokaa, nyumba, mawe ya njiani, mpaka mashina ya miti. Alikuwa amenipa miezi mitatu ya majaribio. Nikifaulu, nitafungwa kibati cha shaba kifuani na kuwa gadi wa kweli. Nikishindwa, narudi Wamaza kulima pamba ya lazima pamoja na wenzangu, ambao nilipokuwa naondoka niliwaaga kwa maringo sana, wengine nikiwapa mkono wa kushoto.

Sasa taabu yangu ilikuwa tumbo. Nilipanga kwa Mama Zuhura, mjane muungwana mwenye roho safi, na Mama Zuhura alipika wali. Asubuhi wali uliolala, mchana wali, jioni wali na maharagwe, na sikukuu wali na kuku. Wali wake ulikuwa mzuri, sisemi uongo, lakini mimi nikila wali naona nimepewa kitu cha kungojea chakula. Nilitaka bugali. Na si bugali wowote, nilitaka ule wa kwetu, wa mihogo iliyolala majini siku nne mpaka ikalegea na kutoa ile harufu yake, ikaanikwa, ikatwangwa, ikasongwa ikawa myeusi-myeusi na kuvutika, na sombe, majani ya mihogo yaliyotwangwa, ya mawese pembeni, na samaki wa moshi kutoka mto Luama. Nikimweleza Mama Zuhura, alikuwa ananiangalia kwa huruma.

"Mutoto yangu," ananiambia, "hiyo ya kunuka ni njaa ndiyo iliwafundisha kula. Kula wali, upate akili."

Ikafika mahali naota mihogo. Na mchana, kazi yangu ni kuimwaga! Wiki moja kabla ya mkasa nilimmwagia Mama Sifa, mwanamke wa kwetu kabisa, Mubangubangu wa upande wa Kabambare, aliyeolewa na fundi wa matofali. Nilikuta chungu chake nyuma ya jiko, mihogo ya siku mbili, myeupe. Nikakiinamisha kwenye mtaro. Hakupiga kelele. Aliniambia tu, "Gadi, hiyo ni chakula ya watoto." Nikamjibu, "Mama, ni amri," nikainua kidevu, nikaenda zangu. Lakini ile harufu ilinifuata mpaka nyumbani, na usingizi haukuja.

Jumanne yake nikafanya uamuzi mdogo, mdogo kabisa. Nikanunua mihogo sokoni, nikaimenya kwa kujificha, nikajiuliza: mji huu wote tunaukagua sisi, je, ni mahali gani pasipokaguliwa na mtu? Jibu likaja lenyewe: kwetu sisi, depo ya usafi! Nyuma ya depo kulikuwa na pipa kubwa la chuma lenye kifuniko, la maji ya kazi. Nani atakwenda kukagua pipa la wakaguzi? (Nilijiona nina akili, nikacheka peke yangu njiani.)

Kikapu sikuwa nacho, vikapu vya Mama Zuhura anavijua kimoja kimoja, na mihogo ikizama bila kitu haitatolewa haraka. Basi nikachukua kaputula yangu ya pili ya kazi, nikafunga miguu yote miwili mafundo, nikajaza mihogo mpaka ikawa kama mtu mnene asiye na kichwa, nikafunga kiunoni kwa kamba ya mti, nikaizamisha na jiwe. Kaputula za Leta zilikuwa na namba, imechorwa kwa rangi nyeusi hapa nyuma kwenye kiuno. Yangu ilikuwa saba. Hilo sikulikumbuka.

Mpango ulikuwa kuitoa Ijumaa jioni. Lakini Ijumaa Bwana Chokaa akaingia depo amekuwa mwekundu, akasema kesho mkubwa wake anakuja kukagua usafi wa Kasongo, na kwamba yeye ndiye atakayenifunga kibati kwa mkono wake. Tukafanyishwa kazi mpaka giza, kukata majani, kupaka chokaa, yeye mwenyewe amesimama nasi na taa, na kwenye pipa sikupata hata nafasi ya kusogea. Nikasema moyoni, siku moja zaidi haiharibu kitu, nitaitoa kesho wageni wakiondoka.

Jumamosi asubuhi nafika na kofia imepigwa brashi, nakuta uwanja wa depo umelowa. Ilikuwa kiangazi, vumbi lilikuwa jingi, na Bwana Chokaa alikuwa amewaamuru vibarua wamwagie maji uwanja mzima na njia yote mpaka nyumba ya wageni. Maji waliyachota wapi? Kwenye pipa la karibu, jamani. Waliyachota kwa ndoo, yaliyobaki ni nusu. Na jua likaanza kuwaka.

Ninyi mnaoijua mihogo ya siku nne mnanielewa. Ile harufu ikiwa ndani ya chungu ni kitu kimoja. Ikinyunyizwa juu ya udongo wa moto, kutoka depo mpaka nyumba ya wageni, inapanda yenyewe na kutembea. Bwana Chokaa akatoka mlangoni, akasimama, pua ikacheza.

"Nini nanuka hapa?" akapiga kelele. "Kitu gani nakufa hapa? Gadi! Tafuta! Upesi!"

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi. Ningesema Bwana, ni mimi, tungeitoa, tungemwaga, basi. Lakini nilikiona kibati mezani kwake kimesuguliwa kinang'aa, nikaona na pamba ya Wamaza, mdomo wangu ukasema, "Ndiyo Bwana, ni mnyama amekufa, nitamtafuta."

Nikaanza kutafuta. Na nilitafuta kwa bidii, hamjapata kuona mtu anatafuta vile! Nilinusa mitaro, niliwatuma vibarua wapande juu ya paa waangalie popo, nilichungulia choo cha Mama Zuhura mwenyewe, naye akaniambia kuanzia leo nitafute pengine pa kula. Kila nilipokwenda harufu ilikuwepo, maana njia yote ilinyunyizwa, kwa hiyo watu wakaanza kunifuata, kila mmoja amefunika pua na kila mmoja ana maoni yake. Bwana Chokaa nyuma yangu anaangalia saa. Ilibidi nimtaje mtu. Nikamtaja Mzee Ramazani, jirani wa depo mfuga mbuzi, nikasema ni zizi lake, atakuwa amefukia mbuzi aliyekufa bila kutoa habari.

"Miye?" mzee akauliza. "Mbuzi yangu iko sita, hesabu. Weye unaniona kila siku, Gadi, leo unanifanyia hivi?"

Wakachimba zizi lake. Vibarua wanne, na majembe. Mbuzi wakatolewa, wakatawanyika, mmoja akapanda kwenye gogo lililopakwa chokaa akaanza kulilamba. Shimo likafika kiunoni, hakuna kitu, mzee yuko pembeni anawaita mbuzi wake mmoja mmoja. Niliona haya, lakini nilikuwa nimekwenda mbali mno, nikasema, "Chimbeni na upande huu."

Ndipo gari la mkubwa lilipoingia. Akashuka, mrefu, suti nyeupe, akavuta pumzi mara moja tu, akatoa kitambaa akakiweka puani na hakukiondoa tena. Na wakati huohuo Mama Sifa akapenya katikati ya watu, mtoto mgongoni, kidole kimoja juu, ananusa polepole kama anayeonja chumvi.

"Munachimba nini?" akasema. "Hapa hakuna maiti. Hii ni mihogo. Tena imeiva jana, kama hamuitoe leo itaharibika bure."

Watu wakacheka. Mimi nikasema kwa ukali, "Mama, rudi nyumbani!" Hakurudi. Alitembea moja kwa moja, pua mbele, akapita zizi, akapita mlango wa depo, akazunguka nyuma, umati unamfuata, Wazungu wanafuata umati, mimi nafuata Wazungu. Akafungua kifuniko. Akakunja mkono wa blauzi, akauingiza mpaka begani, akavuta.

Ikatoka ikidondoka maji, imevimba, miguu miwili imesimama. Mwanamke mmoja akapiga yowe, "Mutu! Ni mutu amekatwa kichwa!" na watu wakakimbia hatua kumi kisha wakarudi. Mama Sifa akaigeuza, akabonyeza mihogo kwa kidole gumba kupitia kitambaa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ilikuwa imelegea vizuri sana, hata mimi niliona.

Mkubwa akaongea Kifaransa nyuma ya kitambaa chake. Bwana Chokaa Kifaransa alikuwa nacho, lakini Kiswahili chake mmeshakisikia, na mkubwa alitaka watu wote waelewe. Akanionyesha mimi kwa kidole, kwa kuwa karatasi ya padri ilisema najua. Basi nikasimama mbele ya mtaa mzima, kofia kichwani, nikatafsiri kwa sauti:

"Mukubwa anauliza, kaputula hii ni ya nani?"

Mzee Ramazani, aliyekuwa bado na udongo wa zizi lake miguuni, akasogea, akainama, akasoma namba taratibu. "Saba," akasema. Kisha akaangalia kaputula niliyovaa, nyuma, kiunoni. "Na hii ni saba. Ni yako, Gadi."

"Ni yako, Gadi!" wakajibu wote kwa pamoja, na watoto wakaanza kuruka. Na mimi nikageuka, nikamtafsiria mkubwa kwa Kifaransa cha shule kwamba wananchi wanasema ni yangu, na kwamba wananchi wanasema kweli.

Kibati kilirudi kwenye boksi. Nilipewa miezi mitatu mingine ya majaribio, nikasugua pipa kwa mchanga siku nzima, nikafukia shimo la Mzee Ramazani kwa mikono yangu na kumwomba msamaha mbele ya mbuzi wake wote sita. Na kwa kuwa kaputula ni mali ya Leta na haitupwi, Bwana Chokaa akaamuru niivae wiki nzima kazini. Mihogo ikaamriwa ikatupwe shimoni. Mama Sifa akasema yeye ataipeleka, akajitwika, akaondoka, na Wazungu wakashukuru.

Siku ya tano nimekaa uani kwa Mama Zuhura (alinisamehe, alinipa wali), akaingia Mama Sifa na sahani imefunikwa kwa jani la mgomba. Akaiweka mbele yangu, akafunua. Bugali. Mweusi-mweusi, unafuka moshi, na sombe ya mawese imejaa pembeni.

"Ile yangu ulimwaga," akasema. "Hii yako sikumwaga."

Nilinawa, nikamega, nikaweka kinywani, na machozi yakatoka pale pale, mwanaume mzima, kwa sababu ulikuwa na ladha ya kwa mama yangu, na kwa sababu nilikihesabu kila chungu nilichokimwaga mtaroni tangu nifike Kasongo, na wenye vyungu nilikuwa nawajua kwa majina. Mama Zuhura akamega kidogo, akatafuna, akasema unanuka. Kisha akamega tena.

Basi nilijiapia mambo mawili. La kwanza, sitaloweka tena chakula ndani ya nguo yenye namba. La pili ndilo kikohozi. Kibati nilikuja kukipata baadaye, nikawa gadi miaka mingi, na kila siku kabla ya kuingia uani kwa mtu nilisimama nje nikakohoa, nikakohoa sana, mpaka nisikie chungu kinavutwa chini ya kitanda na mwanamke anasema, "Karibu, Gadi, ingia."