Ubeti wa Tatu wa Erupe

Binamu yangu Erupe, mtunzi wa bendi ya Vumbi Safi hapa Lodwar, alikuwa mtoto wa wafugaji wa Kiturkana anayeogopa mbuzi. Akiona beberu mbele, anavuka barabara kama ameona askari. Ngoma ya ngozi ya mbuzi aliipiga vizuri tu, maana hiyo ilikuwa imeshakufa.

Gita lilipigwa na Serge, Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, aliyekuja kwa basi amelikumbatia kama mtoto mgonjwa.

Wimbo wao uliopendwa zaidi ulikuwa na beti tatu. Mbili zilikuwa za mapenzi, hazina maana sana. Wa tatu ndio tulioufuata: Erupe aliutunga palepale jukwaani, akimtania mtu aliyemwona mbele yake. Siku moja aliimba kwamba suruali ya mwalimu wetu wa hesabu imepanda juu inakimbia mafuriko. Mwalimu alitembea na raha wiki nzima. Mji huu, kama Erupe hajakuimba, wewe bado ni mgeni.

Mwezi wa tano malaria ikamchukua.

Siku ya ibada ya kumkumbuka, Pasta Lokiru akawaambia wanabendi, "Mtaimba beti mbili. Hapa tunaomboleza, hatutukani watu."

"Pasta, wimbo yenye imekatwa mguu mimi sipigi," Serge akasema. "Kama ya tatu hakuna, bendi inakwisha leo."

"Basi iishe kwa amani."

Wakapiga hivyohivyo. Beti mbili zikaisha, lakini vidole vya Serge vikakataa kusimama. Akauzungusha muziki mara ya kwanza, ya pili. Hakuna aliyefungua mdomo. Serge mwenyewe hajawahi kutunga hata salamu. Mimi nikaanza kuchunguza viatu vyangu.

Ndipo mama yake Erupe, Mama Namuria, akaimba kutoka kwenye kiti chake, bila hata kusimama:

"Mwanangu aliogopa mbuzi,
beberu alikohoa, akapanda juu ya choo.
Huko alikoenda, Mungu afunge mifugo."

Halafu benchi la wazee likaanza kutikisika. Mzee mmoja alicheka mpaka fimbo ikamponyoka. Kiitikio tuliimba wote, kamasi na machozi pamoja.

Pasta akainuka akaenda mbele. Tukajua sasa ni maombi ya kutukemea. Kumbe alimwinamia Serge, na maikrofoni ilikuwa wazi.

"Na mimi je? Miaka minne nakaa mstari wa mbele, kijana hakuniimba hata siku moja."

Serge akamtazama, akakaza uzi mmoja wa gita.

"Keti, Pasta."

Akaimba:

"Niliingia kanisa ya Pasta nikiwa kijana,
sasa niko na mvi,
na bado anasema, 'Kwa kumalizia.'"

Pasta akaomba urudiwe.