Kuku wa Serikali

Nilianza kuwinda kwa sababu ya ubishi. Kazini, katika kiwanda cha kufungasha vyakula hapa Buffalo, kuna mzee mmoja Mmarekani ninayesimama naye kwenye mashine moja. Siku moja wakati wa chakula alinionyesha picha kwenye simu yake: ndege mwenye shingo ya kijani, mashavu mekundu, na mkia mrefu kuliko mwili wake. Nikamuuliza ni wa nani. Akasema si wa mtu. Serikali ya jimbo inawafuga, majani ya miti yakianza kupukutika inawaachia kwenye ardhi ya umma, na mwenye leseni anakwenda kuwawinda. Nikamwambia aache kunidanganya. Serikali gani inafuga kuku halafu inawafungulia banda ili watu wakale? Alicheka mpaka akakohoa, lakini hakubadilisha maneno.

Mimi nikisikia jambo nisiloliamini siwezi kulala nalo. Nilisoma kozi ya uwindaji, nikafanya mtihani, nikapata leseni, nikanunua bunduki ya marisau iliyokwisha kutumika na koti la rangi ya chungwa linalomfanya mtu aonekane kama koni ya barabarani. Mzee akanionya kwamba bila mbwa nitapoteza muda, maana ndege huyo anajua kujificha kuliko anavyojua kuruka. Mbwa sina. Mwenye nyumba yetu hapa mtaa wa West Side hataki mbwa, na mke wangu hamtaki zaidi ya mwenye nyumba.

Mke wangu hakutaka bunduki pia, na hapo alikuwa na sababu. Tulikuwa tunasubiri mahojiano yangu ya uraia, na watoto wetu wawili wangeupata kupitia kwangu. Kwenye fomu kuna swali: umewahi kukamatwa na askari yeyote, mahali popote, kwa sababu yoyote?

“Baba watoto,” aliniambia, “ukivuka mpaka wa shamba la mtu huko porini, ukaandikiwa kosa, utatupotezea uraia kwa ajili ya kuku?”

Kuhusu swali hilo alijua mambo mengine pia. Sisi ni Warundi tuliokulia katika kambi ya wakimbizi Tanzania, na kutoka nje ya kambi bila kibali kulikuwa kosa. Nilipokuwa na miaka kumi na saba, mimi na kaka yangu tulitoka kwenda kutega kwale. Askari wakatokea. Kaka yangu alilala kifudifudi kwenye nyasi, hawakumwona. Mimi nilikimbia, wakanikamata, nikakaa mahabusu siku mbili. Kwenye fomu nilikuwa nimejaza “hapana.”

Kaka yangu sasa anaishi Louisville na anafanya kazi kwenye ghala huko Jeffersontown. Yeye ndiye aliyempa ndege wangu jina la kuku wa serikali, kwa kuwa jina lake la Kiswahili hatukulijua. Kwenye simu alinitania kwanza, halafu akasema, “Mdogo wangu, ya kambini yaache kambini. Nani atakwenda kuyatafuta?” Dada yetu wa Columbus, aliyekuwa kwenye simu hiyohiyo, akamkatiza: “Wewe ulilala chini, hukukamatwa. Mwache aliyekamatwa aamue.” Niliogopa kuamua, kwa hiyo nikaenda porini.

Ardhi yenyewe iko mwendo wa saa moja kutoka mjini. Siku ya kwanza nilikaa kwenye gari nikimtafuta kwa macho mlinzi wa geti. Hakukuwa na geti. Kulikuwa na kibao, kiwanja cha kokoto cha kuegesha, na nyasi kavu zinazofika kifuani mpaka macho yanapoishia. Kibao kilieleza saa za kuwinda na kwamba sehemu hiyo wanaruhusiwa madume tu, majike waachwe. Nilikisoma mara tatu, nikaona kweli hakuna mahali palipoandikwa ni nani asiyetakiwa.

Jumamosi tatu nzima sikumwona hata mmoja, lakini sikuchoka, kwa sababu nilikuwa nasoma. Kwenye tope nilikuta nyayo za vidole vitatu, zimepangwa kwenye mstari mmoja kana kwamba mwenyewe alikuwa anapita juu ya kamba. Nilikuta shimo dogo la vumbi na manyoya ndani yake, nikaelewa kwamba wanaoga vumbi kama kuku wa nyumbani. Nilijiuliza kwa nini ndege mwenye mabawa achague kukimbia kwa miguu. Nilijiuliza pia kama wanajua kwamba wiki iliyopita walikuwa bandani wakiletewa chakula. Mara nyingine nilisikia nyasi zikichakacha mbele yangu, nikaharakisha, zikanyamaza. Wenzangu wenye mbwa walipita katikati ya uwanda, na baada ya muda nilisikia mlio wa bunduki. Mimi nilitembea pembeni, kando ya miti. Sikujiuliza kwa nini.

Jumamosi ya nne gari la kijani liliingia kwenye kiwanja cha kokoto. Akashuka mtu mwenye sare na beji, akaanza kuja upande wangu. Leseni ilikuwa mfukoni. Nilikuwa mahali pa halali, kwa saa ya halali, na sikuwa nimefyatua hata risasi moja. Nikatoa risasi kwenye bunduki, nikailaza chini, na mimi nikalala kifudifudi kando yake.

Mpaka leo najishangaa. Mtu mzima, baba wa watoto, na koti la rangi ya chungwa! Mwili ulilala kabla sijauambia. Shavu langu lilikuwa kwenye udongo wa baridi, moyo unanipiga masikioni, na wazo lilikuwa moja tu: safari hii usikimbie.

Ndipo nilipomwona. Alikuwa hatua mbili kutoka usoni pangu, amejibana kwenye shina la nyasi, mkia ameulaza sawasawa na ardhi. Ni dume. Nilikuwa nimezoea picha ya simu, sikujua kwamba kifua chake kina rangi ya shaba, na kila unyoya una ukingo mweusi uliochorwa vizuri kuliko kitenge. Jicho lake lilikuwa kwangu, halikupepesa. Nikasahau mwenye sare, nikasahau fomu, nikamtazama tu. Sijui tulikaa hivyo kwa muda gani. Halafu uvumilivu ukamwishia. Aliruka na makelele kama sufuria zinazoanguka jikoni, akapita juu ya kichwa changu, na mimi nikapiga ukelele.

“Bwana, uko salama?” Alikuwa askari wa wanyamapori, mwanamke, umri wa dada yangu. Alinikuta nimepiga magoti na nyasi kwenye ndevu.

“Nimejikwaa,” nikasema.

Aliitazama bunduki iliyolazwa vizuri, risasi zimepangwa pembeni. Hakuna anayejikwaa kwa utaratibu namna ile. Aliomba leseni, akaisoma, akanirudishia. Aliniuliza kama nina mbwa, nikasema sina.

“Basi usiwafukuze,” alisema. “Ukitembea bila kusimama, anakuacha upite. Ukisimama kimya, anadhani umemwona, ndipo anaruka. Hatua kumi, simama. Na pita katikati, huku kando ya miti hawapo wengi.”

Akanitakia siku njema, akaenda zake. Nilifanya kama alivyosema. Kabla ya saa sita mchana nilisimama katikati ya uwanda, nikahesabu polepole, na dume akaruka karibu na mguu wangu wa kushoto. Nilimpata kwa risasi ya pili. Nilifurahi mpaka nikaimba kwa sauti, peke yangu. Mke wangu alimpika na ndizi, akaonja, akasema kuku wa dukani ni mtamu zaidi. Watoto waliupiga picha mkia, wakaambiana kwa Kiingereza chao kwamba baba ameua tausi.

Lakini lile “nimejikwaa” halikunitoka. Yule mama hakunishuku kwa lolote, hakunitisha, alinipa elimu ya bure, na mimi nilimdanganya kwa kuwa alivaa sare. Niliona haya. Kwenye kituo cha basi, kanisani, kwenye mashine, nilijiona tena nimelala pale chini. Kaka yangu alipopiga simu mara nyingine, sikumwomba ushauri.

Siku ya mahojiano, na nisiwaweke roho juu, nilifaulu. Afisa alikuwa mwanamume mpole aliyekwenda haraka, swali baada ya swali, akitia alama. Mke wangu alikuwa amekaa na watoto kwenye chumba cha kusubiri. Afisa alipofika kwenye swali la kukamatwa, alikwisha kuinua kalamu atie alama.

“Hapo nataka kubadilisha,” nikasema. “Niliandika hapana. Ni ndiyo.”

Kalamu ikasimama. Nikamweleza kambi, nchi, umri wangu, siku mbili. Akaniuliza kosa lilikuwa nini. Miaka yote nilikuwa nikiliita kosa, na sasa nilipotakiwa kulitaja kwa Kiingereza sikupata jina lake.

“Nilikuwa natembea,” nikasema.

Akakata lile hapana kwa wino mwekundu, akaandika kama nilivyosema, kisha akanigeuzia karatasi nisaini pembeni.