Dirisha la Ngazini

Mzee wa ghorofa ya pili hana ugomvi na mtu, ugomvi wake ni na upepo. Jiji zima la Leipzig, Ujerumani, linaungua Julai hii, lami inanata kwenye viatu, naye bado kajifunga skafu yake ya kijivu, anapanda na kushuka ngazi akifunga madirisha. Wiebke, anayekaa juu kabisa chini ya paa, hulifungua lile la ngazini kila asubuhi akienda kazini, angalau jengo lipumue. Hajafika chini anasikia ndara zikiburuzwa, komeo likigongwa kwa kiganja, kisha kikohozi cha ushindi.

"Upepo huu utakupinda shingo, binti!"

"Mzee, joto litaniua kabla shingo haijapinda."

"Cheka tu. Kaka yangu alikaa dirishani hivihivi, sikio likaenda."

Jana lilikuwa goti. Kila siku kaka huyo huharibika mahali papya.

Jumamosi Wiebke alirudi na mfuko wa viazi. Alipofika ghorofa ya pili macho yakaingia kiza, akaketi palepale kwenye ngazi. Mlango ukafunguka. Mzee akamtazama, akalitazama dirisha, akamtazama tena. Akaivua skafu, akamzungushia Wiebke shingoni, akakaza fundo na kulivuta kuhakikisha. Ndipo akaenda kulifungua dirisha lote, akabaki amesimama pale, shingo wazi, nyeupe kama ya kuku aliyenyonyolewa, akiukodolea macho upepo unaoingia.