Wanaoshuka Hawahesabiwi

Kando ya mzunguko mkubwa wa magari, mbele ya duka la vioo, lami ina vishimo vinne vidogo. Ni alama za miguu ya kiti cha plastiki kilichokaa hapo miaka kumi na mmoja, jua likilainisha lami na uzito wa mtu ukikididimiza. Kiti hakipo tena. Wapanda baiskeli wakikaribia hapo bado hugeuza shingo upande ule, mdomo tayari kwa salamu, kisha hufumba mdomo na kupita.

Aliyekuwa akikalia kiti hicho walimwita Mama Vijiti. Kazi yake ilikuwa kuhesabu magari kwa niaba ya halmashauri. Asubuhi na jioni, saa za msongamano, alipakata ubao wenye fomu, na kila chombo kilichoingia mzungukoni alikichorea kijiti katika safu yake: magari madogo, mabasi, malori, pikipiki, baiskeli. Vijiti vinne vilisimama, cha tano kikavilalia juu. Ofisi iliwahi kumpa kimashine cha kubofya, kikaharibika mwezi wa pili, na barua yake ya kuomba kingine ilikuwa bado inashughulikiwa. Hakujali. Alikuwa na mkono mwepesi na macho ya mwewe, na hakuna lori lililowahi kumpita bila kijiti.

Nyuma ya fomu palikuwa na maelekezo, naye aliyajua kwa moyo. Kifungu cha sita kilisema hivi: chombo kinachosukumwa na mtu anayetembea kwa miguu hakihesabiwi.

Kifungu hicho hakikumkosesha usingizi hata siku moja. Watu walishuka na baiskeli zao kutoka mlimani, na walipofika mzungukoni, palipokuwa na malori ya kokoto na mabasi yasiyomngoja mtu, walishusha mguu mmoja, kisha wa pili, wakasukuma kwenye kipande chembamba cha ukingo kati ya barabara na mtaro. Walipita karibu naye kiasi kwamba keria zilimgusa goti. Mwokaji mikate, mlinzi anayetoka zamu, mwalimu aliyefunga suruali kwa kamba ya kiatu.

"Umeamkaje, mama?"

"Salama, baba. Pole na kilima."

Alimsalimia kila mmoja, na hakumwandika hata mmoja. Fundi baiskeli, ambaye kibanda chake kilikuwa upande wa pili, alizoea kumtania kila jioni.

"Mama Vijiti, leo baiskeli tumepita ngapi?"

"Hamna."

"Kumbe hizi pancha ninazoziba ni za majini."

Mdogo wake wa mwisho naye alipita hapo. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, na kila asubuhi alifunga furushi lake kwenye keria likasimama kama mtoto mnene aliyenuna. "Dada, leo usiniandike," alikuwa akisema huku anasukuma, "nywele zangu hazijachanwa." Wakacheka, akapita, na safu ya baiskeli ikabaki nyeupe.

Jumanne moja mdogo mtu alichelewa. Mwalimu mkuu alikuwa anasubiri sare. Hakushuka. Alipiga kengele, akainama, akaingia mzungukoni akiwa amepanda, na mkono wa dada yake, uliozoea kazi kuliko hata akili yake, ukachora kijiti kimoja katika safu ya baiskeli. Wino haujakauka, lori la kokoto likapinda.

Mfupa wa paja ulivunjika mahali pawili. Madaktari walimfunga vyuma vilivyotokeza nje ya ngozi, vikakazwa kwa skrubu. Alipopata nguvu ya kuzungumza, neno la kwanza alilomwambia dada yake lilikuwa swali.

"Uliniandika?"

Mama Vijiti aliangalia dirisha. "Nilikuandika."

"Miaka yote nasukuma, simo. Nimepanda siku moja, nimeandikwa na nimegongwa. Mwezi mzima ule fomu yako inasema baiskeli ngapi?"

"Moja."

"Basi hiyo moja ni mimi." Akacheka mpaka vyuma vikamuuma, akamwomba amshike mkono.

Hapo ndipo kifungu cha sita kilipoanza kumkosesha usingizi. Na kabla mdogo wake hajatoka hospitali, tangazo likabandikwa ukutani halmashauri: mzunguko utapanuliwa, magari yapewe njia ya tatu, na kwa ajili hiyo ukingo wa kando ya mtaro utaondolewa. Chini yake palikuwa na sababu, kwamba takwimu zinaonesha baiskeli hazipiti eneo hili.

Alisoma tangazo lile akiwa amesimama, mkoba kifuani. Takwimu zilikuwa vijiti vyake. Kila karatasi ilikuwa na sahihi yake. Kadiri mahali palivyotisha ndivyo watu walivyoshuka, na kadiri walivyoshuka ndivyo yeye alivyoandika kwamba hawapo. Alihisi kama mtu aliyegundua kwamba kwa miaka kumi na mmoja amekuwa akichimba kaburi kwa kijiko.

Akapanda ngazi hadi kwa mhandisi wa barabara. Hakuwa mtu mbaya. Alimvutia kiti, akamsikiliza.

"Mhandisi, baiskeli pale zinapita. Naziona kwa macho yangu."

"Ungeziandika, mama."

"Maelekezo yenu yanakataza. Wanasukuma."

"Basi kwa karatasi hazikupita." Akavua miwani. "Nikwambie ukweli. Mimi nachora kinachosemwa na fomu. Kabla ya kubomoa tutahesabu mara ya mwisho, Alhamisi ya wiki ijayo, saa moja hadi saa mbili asubuhi, na msimamizi atakaa nawe. Zikifika mia tatu ndani ya saa hiyo, sheria ndogo za halmashauri zinanilazimisha niwachoree njia yao. Zisipofika, mikono yangu imefungwa."

"Mia tatu zilizopandwa."

"Zilizopandwa."

Alitoka pale moja kwa moja hadi kwa fundi. Fundi aliweka chini pampu.

"Unataka watu wapande palepale alipovunjikia mdogo wako?"

"Wakiwa pamoja. Mmoja mmoja tunabanwa mtaroni. Wakija mia tatu kwa mkupuo, lori litakaa lingoje."

"Na lisipongoja?"

Mama Vijiti alilipeleka swali hilo nyumbani, kwenye chumba ambacho mdogo wake, aliyekuwa ameruhusiwa kutoka hospitali, alikuwa amelala, mguu juu ya mito miwili, anapinda pindo la suruali ya mtu kwa sindano ya mkono.

"Ukiwaambia wapande, na mmoja akaumia, utachora kijiti gani?" mdogo wake akauliza.

"Ndilo linaloniua."

"Usipowaambia, watasukuma mpaka siku ukingo unapobomolewa, halafu watapita wapi? Angani?" Akakata uzi kwa meno. "Waambie, dada. Ila usiwafiche. Wapelekee mguu wangu."

Ndiyo sababu picha ya eksirei ilitundikwa kwenye kibanda cha fundi, kati ya mipira na minyororo. Aliyekuja kujaza upepo aliambiwa habari ya Alhamisi, kisha aliambiwa aangalie picha ile kwanza, ndipo aseme kama atakuja. Wengine walitikisa kichwa wakaenda zao, na hakuna aliyewasema. Mwokaji mikate aliitazama muda mrefu. "Kwa hiyo tumekuwa tukipita pale kama wezi," akasema, "na wezi wenyewe ndio walioko ofisini." Akaomba akazwe breki.

Alhamisi msimamizi alifika na kiti chake mwenyewe, chenye mto. Saa moja kamili wakaanza. Dakika kumi zikapita, ishirini. Wakapita watu wawili, wanasukuma. Msimamizi akapiga miayo.

"Mama, si uliambiwa baiskeli hazipiti hapa?"

Mama Vijiti alikaza macho mlimani. Aliwaza pengine ni heri wasije, wabaki wazima, na wazo hilo lilimtia aibu kwa sababu lilikuwa tamu.

Kisha juu mlimani kengele moja ikalia, na nyingine, halafu zote kwa pamoja. Waliteremka wamejaa barabara, bega kwa bega, furushi kwa furushi: wauza mboga, wauguzi, walinzi, mafundi wenye ngazi mabegani, mwalimu na kamba yake ya kiatu. Lori la kokoto lililokuwa linaingia mzungukoni likafunga breki. Dereva alilalia honi, akachoka nayo, akazima injini, akatoa kichwa dirishani kuangalia.

Mama Vijiti alichora. Vinne, cha tano. Vinne, cha tano.

"Hii si hesabu," msimamizi akasema. "Haya ni maandamano."

"Wamepanda, hawajapanda?"

"Wamepanda, lakini..."

"Andika, bwana. Wanakupita."

Dakika ya mwisho, nyuma ya wote, akatokea fundi mwenyewe, jasho linamtiririka, anasukuma. Mnyororo wake ulikuwa umekatika mlimani, mnyororo wa fundi. Alimtazama Mama Vijiti. Mama Vijiti akamtazama, kalamu hewani, kisha akaishusha bila kuchora.

"Hata mimi?" fundi akanong'ona.

"Hata wewe. Panda siku nyingine."

Hesabu yake ilikuwa mia nne na kumi na mbili. Ya msimamizi ilikuwa mia nne na tisa. Watatu walimpita akilalamika. Chini ya fomu, kwenye sehemu ya maoni ambayo kwa miaka yote aliiacha tupu, aliandika: Hawa hupita hapa kila siku wakisukuma. Leo wamepanda.

Wiki iliyofuata mhandisi alimwita. Safari hii hakumvutia kiti. Wakubwa walitaka aandike kwamba umati ule uliandaliwa na kwamba hesabu ifutwe. Akiandika, kazi yake ipo.

"Uliandaliwa, ndiyo," akasema. "Niliuandaa mimi. Lakini hakuna aliyeletwa kutoka mji mwingine. Ni watu wa kila siku, wapo kazini kwao sasa hivi, nendeni mkawaulize. Hesabu sifuti."

"Mama, nitalazimika kukuondoa."

"Niondoe. Karatasi iache hapo mezani."

Akaondolewa. Karatasi ilibaki, kwa sababu msimamizi naye alikuwa ameitia sahihi. Ilichukua miezi minane na vikao vitatu vya madiwani, lakini njia ilichorwa: mita moja na nusu kuzunguka mzunguko, nguzo fupi za zege zikiitenga na malori. Kifungu cha sita hakikuguswa. Kipo nyuma ya fomu hadi leo.

Mdogo wake anatembea kwa fimbo na hapandi tena. Baiskeli aliirithi dada, ambaye alifundishwa na fundi kuipanda akiwa na miaka hamsini na mbili, akaanguka mara mbili mbele ya watu na kuinuka huku anafoka.

Siku hizi Mama Vijiti yuko kwenye njia panda ya kiwanda cha matofali, upande wa pili wa mji, ambako watu bado wanashuka. Anafika saa kumi na mbili asubuhi, amefunga kiti kwenye keria, na anahesabu katika daftari lake lenye safu mbili: waliopanda, na wanaosukuma.