Mchunga samaki wa Kitale aliyechelewa kumuaga mamake

Saa tatu asubuhi, Festus Wakoli amepanda kigoda sebuleni mwa nyumba moja mtaani Milimani, mjini Kitale. Mkononi ana koleo refu la mwanzi, na kwenye ncha yake kipande cha ngisi. Ndani ya tangi la kioo linalochukua ukuta mzima, chewa mwenye madoa anajitokeza polepole nyuma ya mawe, anapanua kinywa kama bakuli, na ngisi anatoweka.

"Amekula," Festus anasema bila furaha. "Lakini si kama zamani. Hata mnyama anajua nyumba ikikufa."

Chewa huyo ndiye pekee aliyebaki. Hadi Februari mwaka jana, tangi hilo la maji ya chumvi lilikuwa na samaki wanne, wote wala nyama: yeye, mkunga mwenye umbo la nyoka, mrefu kama mkono wa mtu mzima, na wawili wenye miiba ya sumu ambao Festus aliwaita simba.

Festus, 54, ni mzaliwa wa Naitiri, Kaunti ya Bungoma. Alifika Kitale mwaka wa 2008 kufyeka nyasi na kupogoa ua kwa Mzee Mathenge, mfanyabiashara wa mbegu za mahindi. Miaka sita baadaye, mzee alirudi kutoka Mombasa na tangi juu ya lori. Samaki wa kwanza walikufa wote kabla ya mwezi kuisha.

Ndipo fundi mmoja akaletwa kutoka Pwani. Alikaa siku kumi, akamfundisha mkata nyasi kupima chumvi, kusafisha maji, na kuishi na viumbe wanaotamani kulana. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja; Mzee Mathenge alitaka wanne, na wakae mbele ya wageni wake.

"Kwanza, usiweke samaki anayetoshea kwa mdomo ya mwenzake," Festus anaeleza. "Pili, wasilale njaa. Na ukileta mgeni, unapangua mawe yote, unapanga upya, ndio kila mmoja aone yeye pia ni mgeni. Ukiacha mawe vile yalikuwa, wenyeji watamuua. Ama yeye awaue."

Kwa kazi hiyo alilipwa shilingi 14,000 kwa mwezi na kupewa siku mbili za kwenda nyumbani. Stima ikipotea, alikuwa na nusu saa ya kuwasha jenereta kabla samaki hawajaishiwa hewa. Kidole chake cha shahada hakikunjiki tangu simba mmoja alipomchoma. Anasema alilia siku mbili kama mtoto. Hata hivyo kwa miaka kumi hakupoteza samaki hata mmoja kwa vita.

Kisha mzee akatimiza miaka sabini, na mwanawe, Tonny, akamletea zawadi: kikande, samaki mwenye meno ya kuvunja kaa, mpana kama sinia.

"Nilimwambia, 'Tonny, huyu hapana. Huyu ni mtu ya kukaa peke yake,'" Festus anakumbuka. "Akaniambia, 'Wakoli, samaki ni samaki bana. Weka.'"

Aliweka. Kufikia jioni, simba mmoja alikuwa hana jicho. Festus akakata wavu wa plastiki, akagawanya tangi sehemu mbili, kisha akahamishia godoro lake sebuleni, kwa sababu kikande alikuwa akiung'ata wavu bila kuchoka.

Siku ya pili yake, Jumanne, simu ililia. Alikuwa kakake, Wanyonyi, akipiga kutoka hospitali moja mjini Bungoma. Mama yao, Rebeka Nangila, alikuwa amelazwa na hali si nzuri.

"Mama anauliza wewe uko wapi," Wanyonyi alimwambia. "Njoo leo."

Kutoka Kitale hadi Bungoma si mwendo wa kutwa. Festus alimwendea mzee kuomba ruhusa.

"Ukitoka sasa watauana," mzee alimjibu. "Wewe ndiye wanakujua. Ngoja Jumapili, wawe wametulia."

Alingoja. Anasema hakuna aliyemfunga kamba. "Ningetembea tu nitoke kwa gate. Lakini niliangalia ule wavu, nikasema, kesho. Nikasema tena, kesho."

Rebeka Nangila alifariki Ijumaa asubuhi. Aliyekuwa kando ya kitanda chake ni Wanyonyi, na ndiye aliyepokea maneno yake ya mwisho: "Festo amefika?"

Festus alikwenda mazishini, akakaa siku tatu. Hakuna aliyemkaripia, pia hakuna aliyempa jembe wakati wa kufukia kaburi. Wanyonyi alimtazama mara moja tu. "Mama alikungoja siku nne," alisema. "Wewe ulikuwa unachunga samaki."

Aliporudi Kitale, wavu haukuwepo. Wageni wa Tonny walikuwa wameuondoa ili wapige video ya samaki wote pamoja. Simba wote wawili walikuwa wameraruliwa. Kikande alikuwa na mwiba kwenye shavu, naye akafa siku iliyofuata. Mkunga, akikimbia vita, alikuwa amesukuma kifuniko na kuangukia zulia, akakaukia hapo.

"Niliketi chini na yeye," Festus anasema. "Nilimkosa mama kwa sababu yao. Na wao pia nikawakosa."

Mzee Mathenge alifariki Agosti. Mjane wake, Gladwell, anahamia kwa bintiye Nakuru, na nyumba imekodishwa. Tangi linatakiwa kuondoka kabla ya mwisho wa mwezi huu. Festus amepigia simu watu Eldoret, Kisumu na Mombasa. Wa bara hawafugi samaki wa maji ya chumvi. Wa Pwani wanasema chewa huyo ni mkubwa mno kusafirishwa akiwa hai. Mtoni hawezi kumtupa, maji yasiyo na chumvi yatamuua kwa mateso. Jirani amemshauri amkaange.

Daktari wa mifugo ndiye aliyemwonyesha njia ya upole: mafuta ya karafuu, kidogo kidogo ndani ya maji, hadi samaki asinzie. Chupa iko tayari dirishani. Festus amemwomba Gladwell asimpe mtu mwingine kazi hiyo.

Akimaliza, atarudi Naitiri. Desemba ndugu zake watajengea kaburi la mama saruji, na bado hawajamwita. Anakusudia kwenda hata hivyo, na kusimama pale watakapomwona.

"Sitaki kuongea mbele ya watu," anasema, akifuta mikono kwenye suruali. "Wakinikubalia nibebe mchanga tu, nitashukuru."