Hodi ya Kornelia

Mzee Bura alipopatwa na kiharusi, mkewe Kornelia alipewa sharti moja: usimsemee. Alilishika bila kuyumba, na walio wengi hapa kijijini Dirma hawajamsamehe mpaka leo.

Sharti hilo alipewa hospitalini Haydom na Oliva, mtaalamu wa tiba ya usemi. Alimweleza kwamba akili ya Bura ilikuwa nzima na maneno yalikuwamo kichwani, ila njia ya kuyatoa ndiyo iliyoharibika.

"Njia hiyo hufunguka kwa kupitiwa," alisema Oliva. "Mama, muulize, kisha subiri. Akikwama, subiri tena. Ukimmalizia neno, umemfungia njia. Na aanze na salamu, kwa sababu ameitikia salamu maisha yake yote."

Ushauri ulikuwa mwema, lakini huku kwetu mzee hasalimiwi akabaki bila kuitikia. Ni aibu kwake na kwa nyumba nzima, na mwenye adabu huifunika haraka. Bura mwenyewe ndiye aliyekuwa akiombwa kutamka baraka watu wanapokusanyika.

Wa kwanza kuja alikuwa Hermani, mdogo wake Bura.

"Shikamoo, kaka."

"Ma... ma..." Jasho lilimtoka Bura. Kornelia alishika kibuyu cha maziwa, akasubiri.

"Shemeji, humwoni mzee anavyoteseka? Itikia wewe badala yake!"

"Mwache aseme mwenyewe."

"Hata ng'ombe mgonjwa hupelekewa maji."

"Ng'ombe haitikii shikamoo."

"Unamfanya kaka yangu mtoto mbele ya watu!"

"Anayesemewa ndiye mtoto, shemeji."

Hermani aliondoka bila kunywa maziwa. Alikopita alisema kwamba Kornelia anamwanika mumewe kama ngozi. Watu walimwamini, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuliko kukaa na kusubiri. Wengine walikuja mara moja, wakamwona Bura akihangaika na neno, wakainamisha macho, wasirudi tena. Kwenye mashine ya kusaga walimwambia Kornelia, "Utusalimie mzee." Nyumba ya Bura iko kando ya njia ile ile ya mashine.

Waliiita huruma. Mimi naiita uvivu. Huruma inayomnyang'anya mtu kinywa chake ili sisi tusione haya haina jina lingine.

Sasa Bura alikosa wa kumsalimu. Siku moja alimrushia mkewe kikombe kwa sababu neno "maji" lilikataa kutoka. Kornelia alikuwa nalo mdomoni, akalimeza. Aliokota kikombe, akatoka nje, akasimama mlangoni kwake mwenyewe.

"Hodi!"

Akaingia akikokota miguu kama jirani yao Joakimu. "Shikamoo, mzee."

Bura alimtazama, akacheka upande mmoja wa uso. Ndipo kazi ilipoanza. Kila jioni, ng'ombe wakishakamuliwa, Kornelia alitoka na kubisha hodi. Leo alikuwa Joakimu, kesho mjumbe, keshokutwa Hermani mwenyewe, akiwa ameweka mikono nyuma na kuvimbisha kifua. Akishasalimu, alisubiri hata chai ikapoa.

Mahindi yalipokuwa yanakauka shambani, alibisha kama kawaida.

"Shikamoo, mzee."

"Ma... rahaba." Bura alivuta pumzi. "Ka-ribu. Kaa."

Kornelia alikaa kwenye kigoda cha wageni, akalia akiwa amejifunika khanga.

Bura alisubiri amalize. Kisha akasema, "Her... Her..."

Kornelia alijua anachoulizwa. Angeweza kumhurumia na kujibu kabla hajafika. Alisubiri.

"Hermani... ha-ji?"

"Haji, mume wangu."

Bura sasa anaomba maji, anaita ng'ombe wake kwa majina, na baraka anaitamka yote, polepole. Mkewe peke yake ndiye anayeiitikia. Kulishika sharti lile kumemgharimu Kornelia wageni wake wote, na hodi inayosikika mlangoni pake bado ni yake mwenyewe.