Fundi aliyekataa kukaza skrubu na kwenda zake

Saa tatu asubuhi, fundi umeme amesimama kwenye korido nyembamba, sikio lake karibu na sanduku la umeme ukutani. Ameomba redio izimwe. Ndani ya sanduku kitu kinavuma, kama nyuki aliyefungiwa chupani.

"Washeni hita ya maji," anasema. Mlio unapanda. "Zimeni." Unashuka.

Mwenye nyumba, mzee mwenye funguo nyingi kiunoni, anamcheka fundi. "Mama, breka zote hulia. Kaza skrubu uende zako."

Fundi anashusha swichi kuu, anafungua kifuniko, anahakikisha kwa testa kwamba breka hazina umeme. Harufu ya plastiki iliyoungua inajaa korido. Waya wa hita umelegea, ganda lake jeusi tii. Breka yenyewe, swichi inayojizima umeme ukizidi, ni kubwa mno kwa waya ule. Mtu aliiweka makusudi ili isizime ovyo.

"Breka ikizima, inakuambia waya umezidiwa. Aliyeweka hii amemziba mlinzi mdomo," anamwambia mpangaji, mama wa watoto watatu. Kitanda cha watoto hao kimeegemea ukuta huohuo, upande wa pili.

Fundi ana miaka arobaini na sita. Wateja humwita Bibi Plaizi, yaani Bibi Koleo, jina lililoanza kama kejeli katika chuo cha ufundi, alipokuwa mwanamke pekee kati ya wanafunzi ishirini na wanane. Kabla ya hapo alishona nguo miaka kumi na mmoja katika chumba cha mbele cha nyumba ya mama yake. Sanduku la pale nalo lilivuma. Fundi aliyeitwa alilipiga kofi, likanyamaza, akasema ni kawaida.

"Wiki iliyofuata tulisimama barabarani na nguo za mwilini tu, nyumba inateketea," anasema. "Mama alitoka hai, ila vidole vya mkono wake wa kulia havikunjiki hadi leo. Nikaapa nitajifunza mwenyewe mlio ule ulikuwa unasema nini."

Mumewe alimwambia umri umekwenda. "Nikamjibu: baba watoto, nitazeeka nikiwa fundi au nitazeeka bila ufundi. Kuzeeka kuko palepale."

Mwenye nyumba amechoka kusubiri. "Basi nitaita fundi mwanamume."

"Mwite, mzee wangu. Lakini akiirudisha breka hii, aandike jina lake hapa ndani ya kifuniko. Langu nimeshaliandika, kwamba nimeikataa."

Mpangaji anaingilia kati. "Baba, mwache amalize. La sivyo nahamisha wanangu leo hii."

Mzee anachezea funguo zake. Anachungulia chumbani, anatazama kile kitanda. Kisha anauliza, kwa sauti ndogo, breka inayofaa ni ipi, na anakwenda dukani mwenyewe.

Kufikia saa sita, waya ulioungua umeng'olewa, mpya umepitishwa na breka ya kiasi chake imefungwa. Hita inawashwa. Kimya.

Mwezi ujao Bibi Plaizi atafanya mtihani wa leseni ya ukaguzi. Ameshaanguka mara mbili.

"Siku hizi naitwa harufu ya moshi imeshaanza," anasema akifunga begi lake. "Nataka nizikague nyumba kabla mtu hajaingiza hata godoro."

Na akianguka tena?

"Watanizoea. Wasimamizi wa mtihani wameshaanza kunisalimia kama shangazi yao."